Je, Ushelisheli ni Diani ya bei ghali tu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kisumu. Mwakani mimi na mume wangu tunatimiza miaka 20 ya ndoa, na tumekuwa tukiweka akiba kwenye chama ili twende Ushelisheli kwa wiki moja. Mume wangu anasema bahari ni bahari, tushuke Diani na pesa zibaki. Mimi nimesoma kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alifia huko uhamishoni, na sitaki kuota jua tu. Je, kuna historia ya kuona, au ni hoteli na mchanga? Na sisi walimu tukifunga shule Aprili, Agosti au Desemba, twende lini na tujipange vipi?

Jibu: Mwalimu, mzee wako ana nusu ya hoja, na nusu hiyo nampa bila ubishi. Kama mnachotafuta ni mchanga mweupe, maji ya vuguvugu na samaki wa kupaka, Diani inatosha na itawaachia chenji ya kulipa karo ya muhula. Nimewapanga wateja wengi kutoka Kisumu, Kakamega na Nakuru kwenda visiwani, na wanaorudi wakilalamika ni wale waliojifungia hotelini ufukweni siku saba, wakala pasta, wakarudi. Hao kweli walienda Diani ya bei ghali. Wewe una sababu nyingine ya kwenda, kwa hiyo nenda, lakini panga safari yako kuanzia mlimani kushuka chini.

Kwanza nikuondolee tamaa moja. Hutakuta Fort Jesus kule. Hutakuta Gede wala msikiti wa karne ya 14. Mabaharia wa Kiarabu huenda walivijua visiwa vile zamani, na Wareno walivipitia mwanzoni mwa miaka ya 1500, lakini Waingereza walioshuka huko mwaka 1609 kutafuta maji walikuta kobe, ndege, mamba na msitu. Mtu hakuwepo. Hadi mwaka 1770 hakuna aliyekuwa akiishi pale, na hilo ndilo linalofanya historia yake iwe tofauti na ya pwani yetu. Kila Mshelisheli unayekutana naye sokoni Victoria, mji mkuu, ana babu au bibi aliyeshushwa na meli, kwa hiari yake au kwa minyororo. Ukiwa na hilo kichwani, hata foleni ya basi utaiangalia vingine.

Wafaransa ndio walioanza. Gavana wao wa Mauritius, Mahé de La Bourdonnais, alimtuma Lazare Picault mwaka 1742 akavitazame visiwa hivyo, na ndiyo maana kisiwa kikuu kinaitwa Mahé. Mwaka 1756 nahodha Morphey akasimika jiwe lenye nembo ya mfalme wa Ufaransa na kuvipa visiwa jina la Moreau de Séchelles, waziri wa fedha aliyekuwa Paris na ambaye hakuwahi kuviona. Jiwe hilo lipo hadi leo, limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya historia pale Victoria. Ni jiwe dogo, usitarajie mnara, lakini wanafunzi wako wa kidato cha tatu wanaohangaika na mada ya kugawanywa kwa Afrika wangeelewa mengi kwa kuliona. Makazi ya kwanza yalianza Agosti 1770 kwenye kisiwa kidogo cha Sainte Anne, kinachoonekana kutoka bandarini. Walikuwa watu 28: wazungu 15, watumwa saba, Wahindi watano, na mwanamke mmoja mweusi ambaye kumbukumbu zimemhesabu peke yake.

Kuna visa viwili vya enzi hiyo vya kumsimulia mzee wako mkiwa kwenye feri. Cha kwanza ni cha bustani ya viungo. Wafaransa walitaka kuvunja ukiritimba wa Waholanzi katika biashara ya karafuu, mdalasini na kungumanga, basi mwaka 1772 wakapanda miche ya magendo kule Anse Royale, kusini mwa Mahé. Mwaka 1780 meli ikaonekana baharini. Wenyeji wakadhani ni ya Waingereza, wakaichoma bustani yote isiangukie mikononi mwa adui. Meli ilipotia nanga ikawa ni ya Wafaransa wenzao. Mdalasini hata hivyo haukufa. Ndege walisambaza mbegu, na leo umejiotea kwenye milima yote ya Mahé. Vunja tu jani kando ya njia, ulisugue na ulinuse.

Cha pili ni cha gavana Quéau de Quincy. Manowari ya Waingereza ikija, anasalimu amri kwa adabu zote na kutia saini. Ikiondoka, anapandisha tena bendera ya Ufaransa na biashara inaendelea. Alianza mchezo huo mwaka 1794 na akaurudia mara kadhaa. Waingereza walipokuja kukaa moja kwa moja mwaka 1811, hawakumfukuza, walimpa kazi ya uhakimu, na alikufa akiwa pale pale visiwani mwaka 1827. Mkataba wa Paris wa 1814 ulivikabidhi visiwa rasmi kwa Uingereza, lakini lugha, dini, sheria za mashamba na majina ya watu yakabaki ya Kifaransa. Hadi leo wanazungumza Krioli nyumbani, wanasoma Kiingereza shuleni na kusali katika kanisa la Kikatoliki, na hawaoni ajabu yoyote.

Sasa twende mlimani, kwa sababu hapa ndipo safari yako ilipo.

Utumwa ulikomeshwa visiwani mwaka 1835. Wakulima wakabaki na mashamba bila wafanyakazi wa bure. Kuanzia 1861 manowari za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu zikaanza kuwashusha Mahé watu waliookolewa, zaidi ya elfu mbili kwa jumla. Wengi walitoka bara, maeneo ambayo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Waliitwa huru, lakini wengi walikabidhiwa wenye mashamba kwa mikataba ya kazi, na uhuru wa namna hiyo wewe mwalimu unajua kuupima. Watoto wao ndio waliojengewa shule ya misheni ya Venn's Town, juu kabisa ya barabara ya Sans Souci, mwaka 1876. Walioijenga ni CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, wale wale waliokuwa wametoka kuanzisha Frere Town kule Kisauni, Mombasa, kwa kazi hiyo hiyo. Ukifundisha Frere Town bila kuitaja Venn's Town, unafundisha nusu ya somo.

Wenyeji wanapaita tu Mission. Kuna mabaki ya kuta za mawe chini ya miti mikubwa, ukungu unaoshuka mchana kweupe, na kibanda cha kutazamia mandhari ambapo unaiona pwani yote ya magharibi ya kisiwa ikiwa chini ya miguu yako. Watalii wengi hupiga picha ya bahari kwenye kibanda na kurudi kwenye gari. Nyinyi geukeni nyuma mzitazame kuta. Watoto walikuwa wakilala pale mbali na wazazi wao, waliobaki mashambani chini, wakijifunza kusoma na kulima vanila. Kiingilio hakuna, na asubuhi mapema mtakuwa peke yenu na popo wakubwa wanaorudi mitini. Beba sweta. Mlima mkuu wa pale, Morne Seychellois, una mita 905 na mvua yake haibishi hodi.

Barabara hiyo hiyo ya Sans Souci ndiyo inayokupeleka kwenye swali lako la Mwanga. Waingereza walikigeuza kisiwa cha Mahé kuwa mahali pa kuwaweka wafalme waliowapinga, kwa sababu rahisi: hakuna mahali pa kutorokea. Walianza na Sultani Abdullah wa Perak, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, miaka ya 1870. Mwaka 1900 akaletwa Prempeh, Asantehene, yaani mfalme wa Waashanti wa Ghana ya leo, pamoja na mama yake na watu kadhaa wa ukoo. Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka huo, naye akaletwa na akafia kule mwaka 1921. Mwanzoni mwa karne hiyo wakafika Mwanga wa Buganda na Kabarega wa Bunyoro, maadui wa jadi waliokamatwa pamoja Lango, kaskazini mwa Uganda, mwezi Aprili 1899.

Wewe uko Kisumu, kwa hiyo tuweke mambo karibu na nyumbani. Mwaka 1885 Askofu Hannington alipita kwa Sundu, Mumias tunayoijua leo, akielekea Buganda kwa njia ya mashariki. Mwanga aliiogopa njia hiyo kwa kuwa iliaminika kwamba atakayeitwaa Buganda angetokea upande huo, na Hannington akauawa Busoga kwa amri yake. Wanafunzi wako wanakijua kisa hicho hadi hapo. Kinachokosekana vitabuni ni mwisho wake: kijana yule aliyetawala kwa hofu aliishia kwenye nyumba ya kupewa na serikali katika kisiwa cha Kifaransa kinachotawaliwa na Waingereza, akabatizwa jina la Danieli, na akafa huko Mei 1903 akiwa na umri wa miaka 35 hivi. Mifupa yake ilirudishwa Buganda mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi.

Kabarega alikaa zaidi ya miaka 20. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akiwa mzee. Siku hizo msafiri wa kwenda Uganda alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani hadi Jinja. Kabarega alifia Jinja Aprili 1923, hakufika Bunyoro akiwa hai. Siku ukishuka pale bandarini Kisumu, kumbuka kwamba wasafiri wa wakati wake walishukia hapo. Prempeh alipata bahati zaidi: alirudi Kumasi mwaka 1924.

Orodha haikuishia hapo. Khalid bin Barghash, yule aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar mwaka 1896 na kung'olewa na mizinga ya Waingereza kwa vita isiyofika saa moja, alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916, akapitishwa Ushelisheli, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Saad Zaghloul wa Misri aliletwa baada ya kuwasumbua Waingereza Cairo. Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alikaa Sans Souci kuanzia 1956 hadi mwaka uliofuata, wakati sisi tulikuwa na Wakenya wetu kizuizini Lokitaung na Manda. Nikuambie ukweli, alama za hawa wote kisiwani ni chache kuliko wanavyostahili. Anza kwenye jumba la makumbusho, uliza wahudumu waliopo kuhusu wafalme wa Afrika, na usione haya kuwaambia unatoka upande gani. Nimeona mara nyingi mlango ukifunguka kwa swali hilo.

Historia ya karibuni itampendeza mzee wako kama ni mtu wa siasa. Uhuru ulipatikana 29 Juni 1976, rais akiwa James Mancham. Mwaka mmoja haukutimia: Juni 1977 Mancham akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, France-Albert René alichukua nchi, na Tanzania ikapeleka askari kumsaidia. Ukafuata utawala wa chama kimoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisa cha kuchekesha na kutisha ni cha Novemba 1981, mamluki wa Mike Hoare walipotua kwa ndege ya abiria kutoka Swaziland wakijifanya kilabu cha wanywaji bia waliokuja likizo, mabegi yakiwa na vitu vya kuchezea watoto juu na bunduki chini. Afisa wa forodha akafungua begi moja. Vita ikapiganwa palepale uwanjani, na mamluki wengi wakatoroka kwa kuiteka ndege ya Air India. Uwanja ni ule ule mtakaotua, kwa hiyo mkisimama foleni ya forodha mtajua mpo wapi. Mwaka 2020 upinzani ulishinda urais kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na madaraka yakakabidhiwa bila jiwe kurushwa.

Kuhusu mwezi, kati ya likizo zenu tatu nakushauri Aprili. Agosti ndiyo kilele cha upepo wa kusi: hewa ni nzuri, haina joto, lakini bahari inachafuka, feri ya kwenda kisiwa cha Praslin inarusha watu, na fukwe za upande wa kusini mashariki hujaa mwani. Mtu anayetapika kwenye boti ya kisiwa cha Mfangano, hapa ziwani kwetu, atateseka zaidi huko. Desemba na Januari mvua ni nyingi na bei za Krismasi hazishikiki. Aprili upepo umegeuka, maji yametulia na ni maangavu. Joto litakuwepo, lakini mtu wa Kisumu haambiwi habari za joto. Epukeni tu wiki ya Pasaka kama imeangukia humo, kwa sababu nchi ni ya Wakatoliki na shughuli nyingi husimama.

Makaratasi ni mepesi. Mkenya haombi viza, anajaza kibali cha kusafiri mtandaoni na kulipa ada yake, akiwa na tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala palipo na leseni. Usiandike nyumba ya rafiki wa rafiki, watakuuliza. Kinachowaangusha watu wetu ni kadi ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya lazima uwe nayo, na chanjo huhesabiwa halali baada ya siku 10. Ukichanjwa wiki ya safari, umechelewa. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi huchukua kama saa tatu, na saa zao zipo mbele yetu kwa saa moja. Mkiunganisha kutoka Kisumu, hakikisheni ndege ya kwanza inatua JKIA, uwanja wa kimataifa, na si Wilson, uwanja mdogo wa Nairobi, la sivyo teksi na jam ya Mombasa Road ndizo zitakazoamua kama mnasafiri.

Pesa ndipo penye maumivu. Karibu kila kitu huja kwa meli, na bei zinaonyesha. Msichukue hoteli. Chukueni nyumba ndogo ya wageni yenye jiko, upande wa Beau Vallon au milimani nyuma ya Victoria, zinazoendeshwa na familia. Kuna tozo ya mazingira kwa kila usiku, ulizeni kama imo kwenye bei. Nunueni samaki sokoni Victoria asubuhi, na mchana kuleni kwenye vibanda wanavyokula wafanyakazi wa ofisi: wali, dengu, samaki wa kuchoma na chatini ya papai kwenye boksi. Pweza wa nazi jaribuni angalau mara moja. Mashelisheli ya kukaanga mtayakuta kila mahali. Popo wa mchuzi nawaachia wenyewe, mifupa ni mingi.

Msikodi gari kwa siku zote za safari. Mahé ni kilomita za mraba 157 hivi, kama mara mbili na nusu ya Mfangano, na mabasi ya umma yanaizunguka kwa nauli ndogo. Jumapili mabasi ni machache, kwa hiyo siku hiyo iwe ya kanisa na ya ufukweni. Siku tatu za mwanzo zikae Mahé: Victoria na makumbusho, Sans Souci, kisha Anse Royale kusini. Kisha feri ya kama saa moja hadi Praslin, mkaone Vallée de Mai, msitu wa mnazi wa ajabu uitwao coco de mer, wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Msitu huo upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983, na kiingilio chake ni kikubwa lakini nakiona halali. Praslin ina fukwe nzuri sana na sina la kuongeza.

Kisiwa cha La Digue fikeni kwa siku mbili kama akiba inaruhusu. Magari ni machache, watu huendesha baiskeli, na mtu wa Kondele hahitaji kufundishwa kukaa kwenye baiskeli. Ulizeni kama kuna usiku wa moutya wakati mtakapokuwepo. Ni ngoma ya watumwa, ngozi ya mbuzi ikipashwa moto ili ikaze, mwanamume na mwanamke wakikabiliana bila kugusana. Wakoloni waliiwekea sheria za kuizuia usiku mjini, na mwaka 2021 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni. Ile ya hotelini ya saa moja jioni ni maonyesho. Ya ufukweni yenye moto wa majani ya minazi ndiyo yenyewe, na hapo mzee wako anaweza kusikia mdundo usio mgeni kwake hata kidogo.

Mkinunua mbegu ya coco de mer kama ukumbusho, hakikisheni ina cheti cha serikali, vinginevyo itabaki uwanja wa ndege pamoja na faini. Na kabla ya kulipia chochote, tiketi au nyumba, nendeni wote wawili mkachanjwe na mchukue hiyo kadi ya manjano. Chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo hata mzee akishinda mwaka huu na mkaenda Diani, haitakuwa imepotea.